Wengi Wape, Lakini Wape Nini?

Mjadala huu sikuusikia popote. Nimeupanga mwenyewe, kama mtu anavyopanga viti barazani kabla wageni hawajafika. Walioketi ni watatu. Kuna Shangazi, muuguzi mstaafu mwenye fleti yake ghorofa ya tatu, Upanga, Dar es Salaam. Kuna Mpwa wake, aliyefanya kazi Singapore miaka sita katika kampuni ya meli na kurudi na maneno mengi. Na kuna Wakili, mama wa makamo wa ghorofa ya pili, aliyepanda kuomba ndimu akaishia kukalia kochi. Watu ni wa kubuni. Majengo ya ng'ambo wanayoyataja, miaka, fedha na hukumu ni vya kweli, na hivyo ndivyo vilivyonifanya niwakalishe pamoja.

Jambo lenyewe ni hili. Jengo lina fleti mia moja zinazolingana, kila moja na mwenye hati yake. Themanini wanataka kuliuza lote kwa kampuni itakayolivunja na kujenga jingine. Ishirini hawataki. Kwa sheria ya Singapore, wale themanini wanaweza kuuza, na nyumba za wale ishirini zikaenda humo humo. Kule wanaliita en bloc, yaani jengo zima kwa mkupuo. Huko Singapore, kama kwetu, mtu mzima yeyote ni mjomba au shangazi wa mtaa mzima, kwa hiyo mtu anaweza kuitwa shangazi kwa heshima zote asubuhi na kuuziwa nyumba mchana.

Mafundi wanagonga tangu saa mbili. Fleti moja ya ghorofa ya kwanza imepata mmiliki mpya.

MPWA: Shangazi, wahenga walishamaliza. Wengi wape.

SHANGAZI: Wape chao, mwanangu. Hawakusema wape na changu.

MPWA: Changu kipi? Wewe huna kiwanja. Ulichonacho ni hewa ya ghorofa ya tatu iliyozungushiwa kuta. Ardhi iliyo chini ni yenu wote, paa ni lenu wote, ngazi, tangi, bomba la maji machafu. Bomba lilipopasuka si mlichangishana? Jengo likizeeka linazeeka lote. Singapore walijaribu mtindo unaoutaka wewe. Kabla ya 1999 ilibidi wenye nyumba wote wakubali, mia kwa mia. Mmoja akigoma, basi, wote wanakaa. Na si kila mgomaji aligoma kwa kuipenda nyumba. Wengine walikuwa wanangoja tu waongezewe.

SHANGAZI: Kuna ubaya gani mtu kungoja bei yake? Ukienda sokoni mwenye samaki akikataa bei yako unamwita mgomaji?

MPWA: Mwenye samaki hajamfungia mwenzake ndoo. Huyu wa ghorofa akikataa, mzee wa ghorofa ya tano anayetaka fedha za matibabu naye amekataliwa. Ndiyo maana mwaka 1999 Bunge lao likabadilisha. Jengo lenye miaka 10 au zaidi, asilimia 80 wakikubali linauzwa. La chini ya miaka 10, asilimia 90.

SHANGAZI: Asilimia 80 ya watu?

WAKILI: Hapo ndipo wengi hukosea, mama. Hawahesabu vichwa. Kila fleti ina hisa zake katika jengo, kubwa ina nyingi, ndogo ina chache. Tangu marekebisho ya 2007 wanapima mara mbili, kwa hisa na kwa ukubwa wa sakafu, na lazima vipimo vyote viwili vitimie. Mwenye fleti sita alizopangisha ana sauti ya fleti sita.

SHANGAZI: Hata kama hajawahi kulala humo?

WAKILI: Hata kama hajui mlango una rangi gani.

SHANGAZI: Na wewe, baba, si ulisema nyumba uliyopanga kule iliuzwa hivyohivyo? Kura yako ulipiga wapi?

MPWA: Mpangaji hana kura. Nilipewa notisi, nikatafuta chumba kwingine.

SHANGAZI: Ukafurahi?

MPWA: Mwenye nyumba wangu alifurahi.

Niwaache kidogo wanywe chai, kwa sababu furaha ya mwenye nyumba yule ina hesabu, na bila hesabu hiyo mjadala huu unageuka kuwa wa roho nzuri na roho mbaya.

Chukueni Farrer Court. Ilikuwa na fleti 618. Mwaka 2007 iliuzwa yote kwa dola za Singapore zipatazo bilioni 1.34, kwa kundi lililoongozwa na kampuni ya CapitaLand. Pale pale pakasimama d'Leedon, minara iliyochorwa na ofisi ya Zaha Hadid, yenye nyumba 1,715. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Kilichoongezeka ni kiasi cha sakafu ambacho mpango wa mji unaruhusu kirundikwe juu ya ardhi hiyo. Mji unapokua, serikali huruhusu ghorofa zaidi, na jengo la zamani linabaki fupi kuliko haki yake. Tofauti kati ya kilichosimama na kinachoweza kusimama ni fedha, lakini ni fedha ambayo hakuna mwenye fleti anayeweza kuichukua peke yake. Fleti moja huuzwa kwa bei ya mahali pa kulala. Jengo zima huuzwa kwa bei ya ardhi na ruhusa. Ndiyo maana watu wenye akili timamu, wasio na njaa, hubisha hodi kwa majirani usiku wakiomba saini.

Kuna na jambo la hati. Mengi ya majengo hayo yamesimama juu ya hati ya miaka 99. Sisi tunaozijua hati za miaka 33, 66 na 99 hatuhitaji kufafanuliwa. Hati ya namna hiyo ni kipande cha sabuni, kila unapooga kinapungua. Mnunuzi wa jengo zima huwa na uwezo wa kuilipa serikali ili miaka irudishwe. Mwenye fleti moja atabaki anatazama povu.

Kwa hiyo simcheki Mpwa. Hoja yake ina miguu.

SHANGAZI: Mimi natoka hapa kwenda hospitali ya Muhimbili kwa miguu. Nilifanya hivyo miaka yangu yote ya kazi, na sasa naenda kliniki ya presha kwa miguu hiyo hiyo. Watanilipa hayo?

MPWA: Watakulipa zaidi ya bei ya soko, Shangazi. Ndiyo sababu ya kuuza kwa pamoja.

SHANGAZI: Bei ya soko la wapi? Mkishatuuza watu mia, wote mia tunatoka siku moja kutafuta nyumba, na wote tunataka karibu na hapa. Dalali akituona tumepanga foleni atafanya nini? Hela hiyo ya ziada ataila yeye, mimi niishie mbali huko Chanika.

WAKILI: Kule Singapore watu wamelia kilio hichohicho, mama, na sheria haikisikii. Nikueleze mkataaji anapewa nini mkononi. La kwanza, anaweza kusema atapata hasara, na hasara maana yake fedha atakayopewa, baada ya makato yanayoruhusiwa, haifiki alichonunulia. La pili, anaweza kusema fedha hiyo haitoshi kumaliza mkopo wa benki ulio juu ya nyumba. La tatu, anaweza kusema mauzo hayakufanywa kwa nia njema, na nia hiyo inapimwa kwa bei, kwa namna fedha inavyogawanywa, na kwa uhusiano wa mnunuzi na wenye nyumba. Basi. Miguu yako ya kwenda kliniki haimo. Mwembe haumo. Jirani anayekushikia ufunguo hayumo.

SHANGAZI: Aliyenunua zamani kwa bei ya chini hawezi kupata hasara kamwe, basi.

WAKILI: Kamwe ni neno kubwa. Lakini umeliona. Mtu aliyekaa muda mrefu zaidi ndiye mwenye ngao nyepesi zaidi.

MPWA: Dada Wakili, sheria ingeanza kupima mapenzi ingeishia wapi? Kila mtu angeleta mwembe wake mahakamani. Na wale themanini hawana mapenzi? Wengine wamezeeka humo, lifti imeharibika, wanataka kwenda kuishi na watoto wao. Unawaona wote kama wanyang'anyi.

Shangazi hakujibu haraka, nami nadhani alifanya vyema. Kuna watetezi wa wachache wanaosahau kwamba wengi nao wana magoti yanayouma.

WAKILI: Nikupe moja la mapenzi, basi, uamue mwenyewe. Pearl Bank. Ilikamilika mwaka 1976, ghorofa 38, imejipinda kama kiatu cha farasi, na wakati huo lilikuwa jengo refu kuliko yote ya makazi Singapore. Walijaribu kuliuza mara tatu ikashindikana. Kukawa na mpango wa kulihifadhi, mchoraji wake mwenyewe akiwa mstari wa mbele kuupigania, na wenye nyumba wengi sana wakaunga mkono. Ukakwama. Unajua kwa nini? Kuhifadhi kulihitaji ridhaa ya wote.

SHANGAZI: Subiri. Kuvunja asilimia 80, kuhifadhi mia kwa mia?

WAKILI: Mwaka 2018 likauzwa kwa dola milioni 728. Leo halipo.

MPWA: Ukitaka kuhifadhi unamfunga mtu kwenye jengo, dada. Ukiuza unampa fedha akaenda anakotaka. Si mizani moja.

WAKILI: Inawezekana. Lakini angalia mizani inavyoelemea. Hong Kong walianza mwaka 1999 na asilimia 90. Mwaka 2010 wakashusha hadi 80 kwa baadhi ya majengo, yakiwemo yenye miaka 50 na zaidi. Mwaka 2024 wakashusha tena kwa makuukuu. New South Wales kule Australia, tangu 2016 ni asilimia 75. Asilimia hizi zina tabia ya maji, hupenda kuteremka. Na Hong Kong wana jambo jingine la kuangalia. Mara nyingi wale wengi si wengi, ni kampuni moja. Inanunua fleti moja moja, kimyakimya, leo hii, mwakani ile, mpaka ifikishe kiwango. Halafu inakwenda kwenye baraza la ardhi kuomba jengo lote liuzwe kwa mnada, na kwenye mnada mara nyingi mnunuzi ni yeye.

Nyundo za chini ziligonga mara tatu. Shangazi akainua kichwa, akaweka kikombe mezani.

SHANGAZI: Moja moja, kimyakimya.

MPWA: Hiyo ni Hong Kong, Shangazi.

Hapa naingia mwenyewe, kwa sababu wote watatu wanagombania namba, na namba ndiyo inayovuta macho. Asilimia 80, 75, 90. Mtu akiitaja namba anadhani ametaja haki. Nililosoma likanibadilisha mawazo lilitokea kwenye jengo moja karibu na Orchard Road, linaitwa Horizon Towers. Nimwachie Wakili alisimulie, maana ni kazi yake, ila nitamkatisha.

WAKILI: Fleti 210, hati ya miaka 99. Mwaka 2006 wenye nyumba wakaanza kutia saini makubaliano ya kuuza, bei ya chini kabisa dola milioni 500. Mapema 2007 kamati ya mauzo ikauza kwa bei hiyohiyo ya chini kabisa, kwa kundi la kampuni ya Hotel Properties na wenzake. Lakini katikati ya saini na mauzo, soko lilipaa. Majengo ya jirani yalikuwa yanakwenda kwa bei ya juu zaidi kwa kila futi. Na kulikuwa na mtu mwingine aliyeonyesha nia ya milioni 510, hakufuatiliwa inavyopaswa.

SHANGAZI: Soko ni soko. Hata vitunguu hupanda jioni ukishauza asubuhi.

WAKILI: Ngoja. Wajumbe wawili wa kamati walikuwa wamejinunulia fleti nyingine humohumo jengoni, karibu na wakati mpango wa kuuza ulipokuwa unaiva. Mtu aliyenunua ili auze anataka nini?

SHANGAZI: Anataka mauzo yafungwe. Bei ni shauri jingine.

WAKILI: Na wenzake hawakuelezwa ipasavyo. Sasa ombi la mauzo likafika kwenye baraza la usuluhishi wa majengo, wachache wakilipinga. Agosti 2007 baraza likalitupa kwa sababu nyaraka zilizowasilishwa zilikuwa na kurasa pungufu. Kurasa, mama! Mahakama Kuu ikalirudisha. Desemba baraza likaidhinisha. Mahakama Kuu ikakubaliana nalo. Wachache wakakata rufaa. Aprili 2009 majaji watatu wa Mahakama ya Rufani wakayafuta mauzo yote.

MPWA: Kwa sababu bei ilikuwa ndogo.

WAKILI: Kwa sababu ya namna ilivyopatikana. Walisema kamati ya mauzo ni kama mdhamini. Inashika mali ya watu wote, waliotia saini na waliokataa. Mdhamini hatosheki na bei ya chini kabisa iliyoandikwa kwenye karatasi, anatafuta bora inayopatikana. Soko likipanda, anarudi kwa wenyewe kuwaeleza. Akiwa na maslahi yake pembeni, anayatandika mezani watu wayaone. Na haya yote hayapungui kwa sababu asilimia 80 imetimia.

Nilimkatisha hapo, kama nilivyoahidi, kwa sababu kuna sehemu ya kisa hiki ambayo watu huiruka. Kabla mashauri hayajaisha, wanunuzi waliwafungulia kesi wale waliouza, wakidai fedha nyingi endapo mauzo yangekwama. Fikirini hali hiyo. Mtu alitia saini mwaka 2006 akiwa na furaha. Mwaka 2007 anaona jirani zake wa jengo la pili wanapata zaidi, anajuta. Lakini hawezi kutoka, na sasa analazimika kuyapigania mbele ya baraza mauzo ambayo yeye mwenyewe hayataki tena, akiogopa kufilisiwa. Aliyemkomboa ni nani? Ni jirani yake mkaidi aliyekataa saini tangu mwanzo, yule aliyekuwa akinuniwa kwenye lifti.

Ndiyo maana naona Shangazi na Mpwa wote wawili wanakosea mahali pamoja. Wanazungumza kana kwamba "wengi" ni mtu, ana kichwa na nia. Wengi hana mkono. Anayeshika kalamu ni kamati ya watu wachache, na anayeizunguka kamati ni dalali ambaye hapati senti jengo lisipouzwa. Sheria ikimpa mkataaji haki ya kuuliza (nani alichagua kamati, nani amenunua nini lini, wanunuzi wangapi waliitwa, nani anagawa fedha na kwa kipimo gani), haimpendelei. Inawalinda wale themanini dhidi ya watu wao wenyewe. Marekebisho ya 2007 yalianza kuliona hilo. Kamati lazima ichaguliwe katika mkutano wa wenye nyumba, saini itiwe mbele ya wakili, na aliyesaini awe na siku tano za kubadili mawazo. Siku tano ni chache kwa mtu anayeuza nyumba aliyozalia watoto, lakini kabla yake hazikuwapo.

Kuhusu miguu ya kliniki, sina jibu linalomridhisha Shangazi. Sheria inayolipa fedha tu inasema nyumba ni fedha, na hiyo si kweli hata kwa wanaouza. Lakini sheria inayompa kila mtu mkono wa kuzuia humgeuza jirani mmoja kuwa mwenye jengo lote. Nikilazimishwa kuchagua, namkubali Mpwa kwa shingo upande: wengi waweze kuuza. Ila iwe ghali na wazi kiasi kwamba asiyejua chochote kuhusu majengo aelewe nani anapata nini.

MPWA: Na hilo jengo la kurasa pungufu, lilivunjwa?

WAKILI: Miaka kumi hivi baada ya kuuzwa mara ya kwanza, lilitangazwa tena. Safari hii wenyewe walitaka zaidi ya dola bilioni moja. Hawakupata mnunuzi.

MPWA: Unaona! Wangeuza mwanzo.

SHANGAZI: Au wamelala kwao miaka yote hiyo. Wewe unaita hasara kila siku ambayo mtu hakuuza.

WAKILI: Mama, na hapa petu je? Hati yako ya sehemu ya jengo umeipata kwa sheria ya mwaka 2008. Wakenya wana ya kwao ya mwaka 2020. Hati hiyo iliyokupa fleti ndiyo hiyo inayokufunga na majirani. Siku moja mtu atapanda na karatasi.

SHANGAZI: Akipanda, nani atakaa kwenye hiyo kamati?

WAKILI: Wewe.

SHANGAZI: Mimi nisiyetaka kuuza?

WAKILI: Hasa wewe. Asiyetaka kuuza ndiye anayesoma karatasi mpaka ukurasa wa mwisho.

Mpwa akacheka, akasimama kuchungulia dirishani. Chini, kijana mmoja alikuwa anapakia mifuko ya kifusi kwenye guta.

SHANGAZI: Basi nianze kazi leo. Hii fleti ya ghorofa ya kwanza, mafundi wanasema mwenyewe hawajamwona, wanalipwa kwa simu. Nimeuliza mlinzi, hajui. Nimeuliza mama wa duka, kasema ni kijana aliyekuwa nje ya nchi, amerudi karibuni.

WAKILI: Wengi wamerudi siku hizi.

SHANGAZI: Ndiyo. Wengi. Baba, hebu njoo ukae. Chai yako inapoa.

Mpwa alibaki dirishani. Akauliza kama kuna sukari zaidi.